Shaba ya Katanga Ililetwa na Maji

Malori yanayotoka Kolwezi na Likasi, katika eneo la Katanga, hupita Kasumbalesa, yakakatiza Zambia, yakapanga foleni Tunduma, kisha yakateremka hadi bandari ya Dar es Salaam. Mgongoni hubeba bamba za shaba zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Mwaka 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za metali hiyo, ikashika nafasi ya pili duniani nyuma ya Chile. Ukimuuliza mtu njiani shaba hiyo ilifikaje huko ardhini, aghalabu atataja volkano. Jibu hilo halishangazi kwa watu waliozaliwa kandokando ya Bonde la Ufa. Ubaya wake ni kwamba linaifaa Chile na haliifai Katanga.

Shaba ya Katanga ililetwa na maji.

Vitabu vingi vya shule huchora maji ya ardhini kama maji ya mtungini: mwamba ni chombo, maji ni kilichomo. Mchoro huo unapotosha. Mvua ikizama ardhini huchukua hewa ya kaboni iliyomo udongoni na kugeuka asidi hafifu, na tangu hapo haitulii. Ikikuta chokaa huiyeyusha, ndiyo maana visima vya mawe ya matumbawe huko Unguja na Mombasa huacha utandu mweupe ndani ya birika. Ikikuta felspa huigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Udongo huo nao una mambo yake: hupokea kalsiamu kutoka kwenye maji na kuyarudishia sodiamu, kwa hiyo maji yaliyoingia magumu hutoka laini. Kila upande humbadilisha mwenzake. Na kadiri mashapo yanavyozikwa chini zaidi, joto huongezeka kwa kati ya nyuzi 25 na 30 kwa kila kilomita, na shughuli iliyokuwa ikienda pole huchapuka.

Katanga ni mahali ambapo shughuli hiyo iliendelea kwa muda mrefu kuliko kawaida, tena katika mazingira ambayo ni nadra kukutana yote pamoja.

Kadiri ya miaka milioni 880 iliyopita, bara lilianza kupasuka katika eneo ambalo leo ni mpaka wa Kongo na Zambia. Bonde lililojitokeza lilijaa mchanga na kokoto zilizoletwa na mito, na kwa kuwa hewa ya wakati huo tayari ilikuwa na oksijeni, chuma kilichomo mchangani kilishika kutu na kuupa rangi nyekundu. Baadaye bahari iliingia, lakini kwa kunyatia: maji ya kina kifupi, madimbwi ya pwani, jua kali. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yakikauka hadi ukali wake ufike mara tatu au nne, jasi huanza kuganda. Ukifika takriban mara kumi, chumvi ya mezani nayo hutuama. Maji yanayobaki ni mazito sana, na kitu kizito hakikai juu. Yalizama polepole kupitia matundu ya mchanga mwekundu uliokuwa chini.

Leo hakuna mgodi wa Katanga unaoonyesha tabaka hizo za chumvi zikiwa zimekamilika. Ziliyeyuka, nyingine zikasukumwa, na mahali pake pakabaki mikusanyiko ya mawe yaliyovunjikavunjika ambayo baadhi ya vipande vyake ni vikubwa kama kilima kizima. Migodi mingi maarufu ya Kolwezi imo ndani ya vipande vya namna hiyo. Mjiolojia anayetaka ushahidi kwamba chumvi ilikuwapo huutafuta kwenye umbo: dolomaiti au kwazi iliyojaza nafasi ya fuwele ya jasi na kubaki na sura ya mwenye nyumba aliyehama.

Sasa swali la metali. Maji matupu hayawezi kubeba shaba ya maana. Ukiweka waya wa shaba ndani ya glasi ya maji safi utangoja mpaka uchoke. Maji ya chumvi ni habari nyingine. Mwaka 1976 Arthur Rose, mwanajiokemia wa Marekani, alionyesha kwa mahesabu kwamba kloridi hushikana na ioni za shaba na kuziweka ndani ya maji, mradi masharti mawili yatimie: maji yawe na oksijeni ya wastani, na yasiwe na salfa ya aina inayoganda na metali. Mchanga mwekundu unatimiza yote mawili. Kutu yake huyalinda maji yasipoteze hali ya oksijeni, na salfa iliyomo huwa ya aina ya salfeti isiyoisumbua shaba. Shaba yenyewe ilitoka kwenye chembechembe za miamba ya zamani zilizomo mchangani, kila chembe ikiwa na kidogo mno. Hakuna mtu ambaye angethubutu kuuita mchanga ule mbale.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana ukipiga hesabu. Chukulia maji yenye miligramu 100 za shaba kwa lita, kiasi ambacho ni kizuri tu kwa maji ya namna hii. Kupata kilo moja ya shaba kunahitaji lita 10,000, na tani moja inahitaji mita za ujazo 10,000. Shaba iliyochimbwa Kongo mwaka 2024 peke yake, basi, ingehitaji mita za ujazo bilioni 30, yaani bwawa zima la Julius Nyerere pale Rufiji likiwa limejaa. Na hiyo ni ya mwaka mmoja tu wa uchimbaji, tena kwa kudhani kwamba hakuna hata gramu iliyopotea njiani. Maji yanayotambaa ndani ya mashapo yaliyozikwa huenda mwendo wa sentimita au, yakiharakisha, mita chache kwa mwaka. Lakini yalikuwa na mamilioni ya miaka, na joto la chini lilikuwa likiyazungusha.

Kubeba ni nusu ya kazi. Shaba iliyotawanyika majini haina faida kwa mtu. Lazima iteremshwe mahali pamoja.

Hapa ndipo inafaa kusimama mbele ya ukuta wa mgodi. Wajiolojia wa Lubumbashi na Kolwezi wana herufi zao, urithi wa Kifaransa, nao huzitaja kama mpishi anavyotaja viungo: RAT, RSF, RSC, SD. RAT ndiyo iliyo chini, mwamba wa udongo na ulanga, mwekundu kwa mita nyingi. Ukipanda nao utafika mahali ambapo, ghafla, wekundu unaisha na mwamba uleule unakuwa wa kijivu. Juu tu ya hapo huanza mbale ya kwanza, ndani ya RSF, mwamba wenye matabaka membamba ya dolomaiti na silika. Halafu inakuja RSC, mwamba mgumu wenye vishimo vilivyotokana na miamba ya vijidudu vya kale vya baharini, ambao mara nyingi hauna shaba ya kutosha. Juu yake, kwenye mwanzo wa shale za SD, mbale ya pili.

Mpaka ule wa nyekundu na kijivu ndio mahali maji yalipobadili hali. Miamba ya kijivu ilikuwa na mabaki ya viumbe wa baharini na piriti, mchanganyiko wa chuma na salfa ambao wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanaujua kwa jinsi unavyong'aa na kudanganya. Maji yenye shaba yalipofika hapo yalikuta salfa ya aina ileile yaliyokuwa yakiikwepa. Shaba ikaing'oa salfa kutoka kwenye piriti, chuma kikafukuzwa kwenda na maji. Kazi ilifanyika kwa hatua, na hatua hizo bado zinasomeka: karibu kabisa na chanzo cha maji kuna kalkositi, yenye shaba karibu asilimia 80, mbele kidogo borniti, yenye takriban 63, kisha kalkopiriti, yenye 35, na mwisho piriti ambayo haikuguswa, kwa sababu maji yalifika hapo yakiwa yamekwisha kutua mzigo. Mtu akiona mpangilio huo ukipanda kutoka chini kwenda juu hahitaji kuambiwa maji yalitokea upande gani.

Hata hali ya maji yenyewe inaweza kupimwa. Fuwele za kwazi na dolomaiti zilipokuwa zikikua zilinasa vitone vya maji hayo, vidogo kuliko unene wa unywele, kila kimoja kikiwa na kiputo chake. Kipande chembamba cha jiwe huwekwa chini ya hadubini juu ya kibati kinachopashwa moto taratibu, na mtazamaji husubiri kiputo kipotee; nyuzi za joto zilizofikiwa wakati huo zinamwambia kadiri fulani ya joto la siku kitone kiliponaswa. Kisha hukigandisha ili ajue chumvi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walifanya hivyo kwa mawe ya Kamoto na Luiswishi, wakakuta vizazi viwili vya maji. Kizazi cha kwanza kilikuwa na joto la nyuzi 115 hadi 220 na chumvi ya asilimia 11 hadi 21. Cha pili kilipita nyuzi 270 na chumvi yake ilizidi asilimia 35. Bahari ya leo, tukumbuke, ina asilimia tatu na nusu.

Ni juu ya vizazi hivyo viwili wataalamu wamegombana kwa miaka mingi. Kundi moja lilishikilia kwamba shaba ilituama mapema, mashapo yakiwa bado yanashindiliwa. Jingine likasema mbale halisi ilikuja wakati milima ya Lufilia ilipokunjwa, mamia ya mamilioni ya miaka baadaye. Vipimo vya umri wa madini vimekataa kumpa yeyote ushindi: kuna vinavyoangukia kadiri ya miaka milioni 800, kuna vya milioni 600 na ushei, na vingine viko chini ya milioni 500. Ukweli unaelekea kuwa mchanganyiko, mwanzo wa mapema na marudio ya baadaye, maji moto yakiyeyusha shaba ya zamani na kuipanga upya. Kwa mchimbaji, ugomvi huo si wa kitaaluma tu. Anayeamini katika maji ya mapema hutafuta tabaka. Anayeamini katika maji ya milimani hutafuta nyufa.

Hakuna kisa kinachoonyesha gharama ya kukosea kama cha Kamoa. Kwa karibu karne nzima kanuni ya Katanga ilikuwa moja: tafuta tabaka za zile herufi, pasipo hizo usipoteze muda. Magharibi ya Kolwezi tabaka hizo hazipo. Kuna mchanga mwekundu, na juu yake mwamba mzito wa kokoto na tope ulioachwa na enzi ya barafu, unaoitwa Grand Conglomérat, ambao wengi waliupita. Timu ya kampuni ya Ivanhoe ilichimba hapo na mwaka 2008 ikagundua shaba nyingi. Kumbe sehemu ya chini ya mwamba ule wa barafu ilijaa piriti. Maji yaliyokuwa yakipanda kutoka kwenye mchanga mwekundu hayakuwa na habari na jina la tabaka. Yalichotaka ni salfa ya kwanza yatakayokutana nayo, yakaipata. Kakula, jirani yake, iligunduliwa 2016, na uzalishaji ulianza 2021 kwa mbale yenye shaba zaidi ya asilimia 5, wakati migodi mingi duniani huridhika na chini ya moja.

Ulaya ya Kati ilijua jambo hili zamani, kwa njia ya mikono. Huko Mansfeld, Ujerumani, wachimbaji walianza kuifuata shale nyeusi ya shaba mwaka 1199, tabaka ambalo mara nyingi halifiki mita moja kwa unene, na walifunga kazi 1990. Waliona kwamba pale shale inapogeuka nyekundu, shaba hutoweka, wakaiita hali hiyo uozo mwekundu. Baadaye ikaeleweka kwamba wekundu ule ni njia iliyopitwa na maji yenye oksijeni, na utajiri umekaa ukingoni mwake. Jan Wyżykowski alipoigundua shaba ya Lubin, Poland, mwaka 1957, alikuwa akichimba katika mwendelezo wa bonde hilohilo.

Lakini turudi Katanga, maana mpaka hapa jiwe la kijani halijatajwa.

Malakiti, lile jiwe zuri la kijani linalochongwa mikufu na visanduku na kuuzwa Lubumbashi, si kazi ya maji ya chumvi hata kidogo. Ni kazi ya mvua. Milima ilipochakaa na mbale kusogea karibu na uso wa nchi, mvua yenye oksijeni iliingia na kuanza kufumua yale yaliyofungwa chini. Salfaidi, yale madini ya metali na salfa, zilitoa asidi, shaba ikayeyuka tena, lakini haikwenda mbali: dolomaiti iliyoizunguka ilizima asidi na kuipa shaba kaboneti. Kobalti iliyoandamana na shaba hiyo ilitenda tofauti. Ikikutana na oksijeni ya kutosha huganda kuwa heterojeniti nyeusi na kugoma kusogea, huku shaba ikiendelea kushuka. Ndiyo sababu sehemu za juu za vilima vya Kolwezi zina kobalti nyingi kupita kiasi, na ndiyo sababu mchimbaji mdogo mwenye sururu na gunia, asiyeweza kufika mbali chini, anaweza kuingia katika soko la dunia la betri. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Kwenye vituo vya ununuzi kama Musompo, mnunuzi huelekeza kifaa chake cha kupimia kwenye jiwe jeusi na kusoma asilimia. Anachokisoma ni umbali ambao mvua ilifika kabla ya kuishiwa nguvu.

Mvua hiyo ilitengeneza pia siasa. Kuyeyusha salfaidi ya shaba kunahitaji hatua nyingi, lakini malakiti hukubali mkaa na viriba. Wafua metali wa kale walijua pa kuitafuta: vilima visivyo na miti katikati ya miombo, vyenye mimea midogo inayovumilia sumu ya shaba. Katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba, wanaakiolojia walikuta misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, na misalaba mitatu ya namna hiyo ikaja kuchorwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Msiri, Mnyamwezi aliyekuja na baba yake kufuata biashara ya shaba, alijenga dola ya Wayeke pale Bunkeya akiishikilia biashara hiyo pamoja na ya pembe na watumwa, hadi watu wa msafara wa Kizungu ulioongozwa na Stairs walipomuua Desemba 1891. Alipoanza Mbelgiji kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, naye alianza na mawe ya kijani ya mgodi wa Kalukuluku.

Maji hayajamaliza. Upande wa Zambia, mgodi wa Konkola huhesabiwa miongoni mwa migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani, na pampu zake hutoa mamia ya maelfu ya mita za ujazo kila siku. Mei 2025 Kakula ilitikiswa na mitetemo, maji yakapanda katika sehemu za chini za mgodi, uchimbaji wa chini ukasimamishwa. Kila mita ya handaki inayofunguliwa huingiza hewa mahali ambapo salfaidi zilikuwa zimelala, na kazi ambayo mvua iliifanya kwa maelfu kwa maelfu ya miaka huanza kufanyika kwa miezi. Katanga ina bahati ya dolomaiti. Sehemu zisizo na dolomaiti, au mabwawa ya taka ambayo asidi yake imetiwa makusudi kiwandani, hazina kinga hiyo. Februari 2025 kuta za bwawa moja la namna hiyo zilibomoka Zambia na asidi ikaingia katika maji yanayolisha mto Kafue.

Mtanzania anayesoma haya anaweza kudhani ni mambo ya majirani. Sivyo. Katika wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, urani ya Mto Mkuju imo ndani ya mawe ya mchanga ya Karoo, nayo ni ndugu wa mbali wa shaba ya Kolwezi. Urani pia husafiri katika maji yenye oksijeni na kuganda inapokutana na mwamba ulioikosa. Tofauti ni kwamba haihitaji chumvi, maji ya kawaida yenye kaboneti yanatosha. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliridhia mpaka wa pori la Selous urekebishwe ili kuupisha mradi huo.

Kuna njia ya kuchimba urani bila kufungua shimo, na Kazakhstan, inayotoa karibu asilimia 40 ya urani ya dunia, huitegemea: visima huingiza asidi au maji yenye oksijeni ndani ya tabaka, urani huyeyuka, visima vingine huivuta juu. Kwa maneno mengine, mhandisi huyarudisha maji yale yaliyoileta, ila kwa kasi. Popote njia hiyo inapopendekezwa, maswali ya kuuliza yanatokana moja kwa moja na kemia iliyoelezwa hapa. Tabaka za udongo wa mfinyanzi juu na chini ya mchanga zimeenea bila pengo, au zina nyufa? Maji ya visima vya vijiji yalipimwa lini, na yalikuwa na nini kabla ya kisima cha kwanza cha mradi kuchimbwa? Na baada ya urani kutoka, nani atairudisha hali isiyo na oksijeni iliyokuwa imeishikilia pamoja na aseniki, seleni na radiamu zilizoandamana nayo? Kule Texas, ambako njia hii imetumika tangu miaka ya 1970, kuyarudisha maji katika hali ya awali kumekuwa kugumu, na mara nyingi viwango vilivyowekwa mwanzoni vimelegezwa mwishoni kwa ombi la kampuni.